Kudabo dau mpaka hela irudi: maswali ninayoulizwa kibandani

Nina kibanda cha uwakala wa pesa za simu karibu na Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Huu ni mwaka wa tisa. Kabla ya hapo nilifundisha hesabu sekondari, na wateja wangu wengi wanalijua hilo, kwa hiyo mtu akishaweka au akishatoa hela yake anabaki dirishani na kuniuliza mambo yasiyohusu uwakala. Linaloongoza ni hili la kudabo dau. Wanaouliza ni mabaharia wa dagaa, bodaboda, wabebaji wa magunia, wanafunzi wa chuo, na mara mojamoja mama mtu mzima anayemuulizia mwanawe.

Nimeyaandika maswali jinsi yanavyokuja. Penye hesabu nimekaa sana, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopotea.

Kudabo ni nini hasa?

Ni kupandisha dau, yaani hela unayoweka kwenye kamari, kwa kanuni uliyojiwekea mapema badala ya kuweka kiasi kilekile kila mara. Kanuni inayojulikana kuliko zote inasema: ukiliwa, yaani ukikosa, dau linalofuata liwe mara mbili ya lile lililoliwa; ukila, yaani ukishinda, rudi kwenye dau la mwanzo. Duniani mfumo huu unaitwa Martingale, na ulikuwa unachezwa Ufaransa tangu karne ya 18. Kwa hiyo anayekuuzia leo kama siri mpya iliyovuja anakuuzia kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 200.

Nionyeshe kwa namba.

Tuseme unaanza na 1,000 kwenye mchezo unaolipa mara mbili, yaani ukiweka 1,000 na ukashinda, unapokea 2,000.

Dau la kwanza 1,000, umeliwa. La pili 2,000, umeliwa. La tatu 4,000, umeliwa. La nne 8,000, umekula: unapokea 16,000. Hesabu ulichotoa mfukoni: 1,000 na 2,000 na 4,000 na 8,000 ni 15,000. Faida ni 1,000.

Jaribu kubadilisha, ule kwenye dau la pili, au la sita, au la tisa. Faida inabaki 1,000 ileile, sawa na dau la kwanza. Uzuri wa mfumo uko hapo, na mtu akiuona kwa mara ya kwanza kwenye karatasi anaona kama amegundua kisima. Niliwahi kumwona mhitimu wa chuo kikuu akiirudia hesabu hii mara tatu kwa kalamu yangu, halafu akacheka kwa furaha. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni safu ya pili, inayoonyesha umetoa kiasi gani mpaka hapo:

Dau la 5 ni 16,000, jumla uliyotoa 31,000.
Dau la 6 ni 32,000, jumla 63,000.
Dau la 7 ni 64,000, jumla 127,000.
Dau la 8 ni 128,000, jumla 255,000.
Dau la 9 ni 256,000, jumla 511,000.
Dau la 10 ni 512,000, jumla 1,023,000.

Soma mstari wa mwisho tena. Mtu huyo amefikisha zaidi ya milioni moja mezani, na akishinda dau hilo la kumi atabaki na faida ya shilingi elfu moja.

Kama kila nikishinda napata faida, kosa liko wapi?

Hili ndilo swali lenyewe, na nakuomba ulisome jibu lake polepole hata ukiyaacha mengine.

Chukua mtu mwenye 127,000. Akianza na 1,000, hela yake inatosha madau saba tu. Mzunguko mmoja kwake unaisha kwa njia mbili: ama anakula mahali fulani ndani ya madau saba na kupata 1,000, ama analiwa yote saba na kupoteza 127,000.

Tuanze na mchezo wa haki kabisa, kama kurusha sarafu, usio na mwenye kituo anayekata chochote. Nafasi ya kukosa mara saba mfululizo ni moja kati ya 128. Maana yake, kwenye kila mizunguko 128, kwa wastani 127 itakuletea elfu moja moja, jumla 127,000. Mmoja utaliwa, na utaondoka na 127,000. Weka upande huu na upande huu: sifuri. Kazi yote ile ya kuhesabu na kuvumilia imekurudisha ulipoanzia.

Sasa hakuna mwenye kituo anayeendesha mchezo wa haki kabisa. Angelipaje kodi ya pango? Chukua gurudumu la ruleti la Ulaya. Lina vyumba 37: vyekundu 18, vyeusi 18, na sifuri moja ya kijani. Ukiweka kwenye nyekundu, una nafasi 18 za kushinda na 19 za kuliwa. Tofauti ni hiyo moja tu. Lakini kwa sababu yake, kuliwa mara saba mfululizo kunatoka moja kati ya 128 na kuwa kama moja kati ya 106. Mizunguko 105 inakupa 105,000, mmoja unachukua 127,000. Umebaki na shimo la 22,000, na hukukosea hata hatua moja ya kanuni.

Kwa hiyo kudabo hakukuongezei nafasi ya kushinda. Kunapanga tu upya siku za hasara: kunazitoa kwenye wiki nzima, kunazifunga fundo moja, na fundo hilo unalipokea siku moja, mara nyingi usiku mmoja.

Kuliwa mara saba mfululizo hutokea kweli, au ni maneno ya darasani?

Asubuhi moja ya mvua, hakuna mteja, nilichukua sarafu ya shilingi 200, ile yenye Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Nikairusha mara 200 na kuandika kila matokeo nyuma ya daftari la floti. Kwenye mstari wa nne wa maandishi yangu simba alitoka mara nane mfululizo. Mvulana wa duka la jirani alikuwa ananiangalia, akasema sarafu hiyo imechezewa. Nikampa yeye arushe.

Haikuchezewa. Ukirusha mara 200, nafasi ya kupata upande uleule mara saba mfululizo mahali fulani ni kubwa kuliko ya kutoupata. Akili zetu zimezoea kufikiri kwamba bahati huchanganyika vizuri kama pilau, huku nyama, huku wali. Bahati ya kweli hujirundika.

Kisa kinachojulikana sana ni cha kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913. Mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walikuwa wanaongeza hela kwenye nyekundu kila mzunguko, wakiamini nyekundu imeshachelewa mno. Aliyeanza na 1,000 na kudabo bila kukoma, dau lake la 26 lingekuwa zaidi ya bilioni 33.

Lakini baada ya kuliwa mara sita, si zamu yangu inakuwa imekaribia?

Hapana. Sarafu haina kumbukumbu, wala gurudumu, wala programu ya kwenye simu. Dau la saba lina nafasi ileile ya dau la kwanza. Kilichobadilika ni kwamba la kwanza lilikuwa 1,000 na hili ni 64,000.

Nikiwa na mtaji mkubwa je? Tajiri wa mitumbwi kumi hawezi kuvumilia mpaka ile?

Mtaji mkubwa unasogeza mbele siku ya kuliwa na kuifanya iwe kubwa zaidi. Ukiwa na 127,000 unacheza hatua saba. Ukiwa na 1,023,000, yaani mara nane ya hela ile, umeongeza hatua tatu tu. Mtaji unazidishwa, hatua zinajumlishwa, na mbio za namna hiyo mtaji haushindi.

Halafu kuna kikomo cha dau. Karibu kila mchezo una kiwango cha juu unachoruhusiwa kuweka kwa mkupuo mmoja. Ukiwa umeshapoteza 511,000 na dau linalofuata ni 512,000, na kikomo ni 500,000, mfumo umekwama hapohapo hata kama nyumbani una gunia la noti.

Kuna mifumo mingine isiyo mikali kama huo?

Ipo kadhaa. Nitaitaja ile ninayoulizwa.

Wa d'Alembert: ukiliwa unaongeza kipande kimoja, ukila unapunguza kimoja. Kwa mfano 1,000, 2,000, 3,000, halafu ukila unarudi 2,000. Umepewa jina la Jean le Rond d'Alembert, mwanahisabati Mfaransa aliyeishi 1717 hadi 1783. Yeye mwenyewe mwaka 1754 aliandika kwamba ukirusha sarafu mara mbili, nafasi ya kupata kichwa angalau mara moja ni mbili kati ya tatu. Ukweli ni tatu kati ya nne. Namtaja kwa sababu vijana wengi wanajiona wajinga wakigundua bahati imewadanganya. Iliwahi kumdanganya mmoja wa wasomi wakubwa wa Ulaya, tena kwa sarafu mbili tu.

Wa Fibonacci: madau yanafuata mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia, yaani 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55. Unapanda taratibu. Kuliwa mara kumi kuanzia 1,000 kunakugharimu 143,000 badala ya 1,023,000 za kudabo. Wengi wanauona salama kwa sababu hiyo. Lakini kwenye mchezo wa kulipa mara mbili, ukishaliwa mara kadhaa ushindi mmoja haurudishi hasara yote, kwa hiyo unakaa mchezoni muda mrefu zaidi, na kadiri unavyokaa ndivyo makato ya mwenye kituo yanavyokula.

Wa Labouchère, ulioitwa kwa jina la Henry Labouchère, mwanasiasa wa Uingereza: unaandika namba kwenye karatasi, unaweka dau la jumla ya namba ya kwanza na ya mwisho, ukila unazifuta, ukiliwa unaongeza namba mpya mwishoni. Unampa mchezaji shughuli nyingi ya kalamu, na shughuli hiyo inamfanya ajione yuko kazini.

Paroli ni kinyume: unapandisha ukila, ukiliwa unarudi mwanzo. Unaanza 1,000, ukila unaweka 2,000, ukila tena unaweka 4,000, halafu unasimama. Ukifuatwa kwa uaminifu, kila mzunguko unapoteza 1,000 tu ya kwako. Kwa maoni yangu, ndani ya kundi lote hili huo ndio wenye madhara madogo, kwa sababu haukutumi kwenda kukopa. Hata hivyo nao haukuletei faida. Unaliwa kidogokidogo.

Mimi sichezi bahati nasibu, mimi nabeti mpira na mpira naujua. Kwangu si tofauti?

Kuujua mpira ni jambo moja. Kudabo ni jambo jingine kabisa, na haliwi bora kwa sababu unawajua wachezaji wote wa Pamba Jiji kwa majina.

Angalia odi kwanza, yaani ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa, kwenye mchezo wa haki kila upande ungekuwa na odi ya 2.00. Kwenye mkeka, yaani tiketi ya kubeti, utakuta 1.90 na 1.90, au chini ya hapo. Ile 0.10 iliyopotea ndiyo mshahara wa kampuni. Sasa rudia jedwali letu kwa odi ya 1.90. Umeliwa mara nne, umepoteza 15,000. Unaweka 16,000, unashinda, faida yake ni 14,400. Umeshinda, umeshangilia, na bado una hasara ya 600. Ili urudi sawa inabidi uzidishe zaidi ya mara mbili kila hatua, na ule mstari wa namba unapanda kwa kasi kuliko niliouandika juu.

Siku hizi naulizwa sana mfumo wa sare. Unaweka sare kila mechi kwa kufuata Fibonacci, kwa kuwa odi ya sare ni kubwa. Tuseme odi ni 3.20. Umeliwa mara nne kwa 1,000, 1,000, 2,000 na 3,000, la tano unaweka 5,000 na sare inatoka. Unapokea 16,000, ulitoa 12,000, faida 4,000. Inapendeza. Ila hata tukisema sare hutoka mechi 3 kati ya 10, nafasi ya kukosa sare mechi kumi mfululizo ni kama moja kati ya 35. Si jambo adimu hilo, ni jambo la msimu mmoja. Na ukilifikia umeshapoteza 143,000, na dau linalokusubiri ni 89,000.

Na kodi ya ushindi inaingiaje?

Kodi ya zuio hukatwa kwenye ushindi kabla hujaupokea. Kiwango chake kimebadilika zaidi ya mara moja, kwa hiyo angalia cha sasa. Kinachomuumiza mtu wa kudabo ni hiki: kodi inakatwa kwenye lile dau moja ulilokula, haiangalii yale manne uliyoliwa kabla yake. Wewe unahesabu mzunguko mzima, kodi inahesabu tiketi.

Kindege na dubwi je?

Kindege ni ule mchezo wa kwenye simu ambao malipo yanapanda kadiri kindege kinavyoruka, nawe unatakiwa utoe hela kabla hakijapotea; dubwi ni ile mashine ya kamari. Huko ni hatari zaidi, na sababu ni kasi. Kindege kinachotangazwa kurudisha asilimia 97 kina nafasi kama 48 na nusu kati ya 100 ya kufika mara mbili kabla hakijapotea, karibu sawa na nyekundu ya ruleti. Lakini kinaruka tena ndani ya muda mfupi sana, usiku na mchana, na wewe umelala nacho kitandani. Mizunguko ambayo kwenye meza ingekuchukua siku kumi unaimaliza jioni moja au mbili. Kwenye dubwi hali ni hiyohiyo, tena wengi hawajui hata linarudisha kiasi gani.

Jamaa yangu anadabo mwezi mzima sasa na hajawahi kuliwa. Huyo unamwambia nini?

Simbishii, inawezekana kabisa.

Chukua watu 100, kila mmoja na 127,000 zake, wanacheza mizunguko kumi kwa siku kwenye lile gurudumu la vyumba 37. Kila siku njema mtu anaondoka na 10,000. Kufika siku ya 13, wakati ambao faida ingekuwa imefikia kiasi cha mtaji wao, kama 30 kati yao ndio watakaokuwa hawajaangukiwa. Kufika siku ya 30 watabaki kama 6.

Hao sita ndio utakaowasikia kijiweni. Watakuonyesha meseji za kupokea hela, watakununulia soda. Wale 94 hawasemi. Mmoja amehama Kirumba, mwingine amemwambia mkewe aliibiwa kwenye daladala ya Igoma, mwingine anapita mbele ya kibanda changu akitazama ziwani. Jamaa yako ni mmoja wa sita mpaka hivi sasa. Mzunguko wake wa kesho hautajua kwamba ana mwezi mzima wa ushindi.

Wanaouza mfumo kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram?

Mwenye mfumo unaoshinda kila siku hahitaji 20,000 yako ya kujiunga. Wengine wanalipwa kwa kila mteja wanayemsajili kwenye kampuni ya kubeti kupitia kiungo chao, kwa hiyo ukila au ukiliwa wao wameshapata. Usiwatumie hela.

Kwa nini unawataja sana mabaharia wa dagaa?

Kwa sababu ya mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti, mitumbwi inapanda mchangani, na hapo ndipo hesabu zinavunjwa na kila mtu anapewa fungu lake. Hela yote ya giza zima inafika mkononi siku ileile ambayo kazi imesimama. Kijana ana hela, hana usingizi wa mchana wa kulipia, na ana siku kadhaa za kukaa. Kwa daftari langu, wiki ya mbalamwezi ndiyo wiki ya kuweka hela za kubeti.

Nitaeleza kisa kimoja, bila jina. Dogo mmoja, baharia wa mtumbwi unaopaki Igombe, alikuja saa moja jioni akaweka 5,000. Baada ya dakika kumi akarudi na 10,000. Halafu 20,000. Halafu 40,000, na sasa hakuwa ananisalimia. Kwenye 80,000 nilizijua zile namba, maana nilizifundisha ubaoni miaka mingi. Mara ya sita alikuja na 160,000, noti zimefungwa kwa mpira kama anavyofunga tajiri, yaani mwenye mtumbwi, anapotuma mtu mafuta ya mashine.

Nikamuuliza, "Dogo, hii ni ya nani?"

Akasema, "Weka tu, kaka, inarudi sasa hivi."

Nikaweka. Mpaka leo najilaumu kwa hilo, nikaweka. Nilikuwa na haki ya kusema floti imeisha, nikaangalia kamisheni. Zilipotea zote ndani ya dakika chache, 315,000 jumla, na alikuwa anaifukuzia faida ya 5,000. Nyingine ilikuwa ya tajiri. Alfajiri mtumbwi wao haukuwa na mafuta, na yeye hakuwepo ufukweni.

Hatari ambayo karatasi haionyeshi ni hiyo. Kwenye karatasi mtu anaishiwa mtaji na kusimama. Huku kwetu mtu akiishiwa ya kwake, hatua ya saba anaicheza kwa hela ya tajiri, ya nane kwa hela ya kikoba cha mama yake, ya tisa kwa mkopo wa kwenye simu. Mfumo wenyewe unamwambia kwamba akisimama sasa ndio amepoteza kweli, na akiongeza mara moja tu amekomboa vyote.

Kuna namna salama ya kudabo?

Ya kukuletea faida, hakuna. Kama unacheza kwa kujifurahisha na una miaka 18 au zaidi, weka dau lilelile kila mara, liwe dogo kiasi kwamba ukiliwa lote usiku huu kesho asubuhi chai yako haibadiliki, na usilipandishe kwa sababu umeliwa. Chezea kwenye kampuni yenye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, ili ukidhulumiwa malipo uwe na pa kulalamika. Leseni inakulinda na utapeli. Hesabu ya hapo juu haiondoi.

Nimeshaliwa laki tatu. Nifanyeje kuzirudisha?

Kwa kubeti, usijaribu. Najua jibu hili linauma, na wengi hapa ndipo wanapoondoka dirishani. Laki tatu hiyo imeshaondoka. Swali lililobaki ni kama itaondoka na nyingine.

Ya kufanya leo: futa programu, wasiliana na huduma kwa wateja wa kampuni na uwaombe wakufungie akaunti, na hela inayoingia wiki hii mpe mtu unayemwamini aishike. Kama ulichukua ya tajiri, nenda kamwambie kabla hajaambiwa na wengine. Nimeona matajiri wengi wakikubali kukatwa fungu kidogokidogo kwa mtu aliyekuja mwenyewe. Kwa aliyekimbia sijaona.

Na kama umejaribu kuacha ukashindwa, hulali, unadanganya watu wa nyumbani, au unafikiria kujidhuru, huo ni ugonjwa na una matibabu. Shirika la Afya Duniani linauorodhesha uraibu wa kamari kati ya magonjwa katika orodha yake ya ICD-11 iliyoanza kutumika 2022. Nenda hospitali, Bugando wana idara ya magonjwa ya akili, na useme wazi kwamba shida ni kamari. Kama mawazo ya kujidhuru yako nawe usiku huu, usisubiri asubuhi na usikae peke yako. Mwamshe mtu akupeleke.

Mwanangu amebadilika. Nitajuaje kama anadabo?

Aliniuliza hili mayu, yaani mama, mmoja anayeuza dagaa kwa debe pale Mwaloni. Taarifa za muamala wa mteja sizitoi, hata kwa mama mzazi, na nilimwambia hivyo. Ila nilimweleza alama. Mtu anayebeti kawaida anaomba kiasi kilekile kila wiki. Anayedabo anaomba hela zinazozidi mara mbili ndani ya siku moja: nisaidie elfu tano, baada ya saa moja naomba kumi, usiku naomba ishirini, na kila mara ana sababu mpya. Siku akila anarudisha zote pamoja na zawadi, kwa hiyo unamwona mwaminifu. Na ana haraka isiyolingana na sababu anayoitaja.

Akishakiri, usimlipie deni lote kwa mkupuo mmoja mkononi mwake. Lipa kwa anayedai. Mkopeshe masikio kabla ya hela, maana siku ya kwanza atakuambia nusu tu ya deni; nusu nyingine inakuja baada ya wiki, akiona hukumtangaza.

Yule dogo wa Igombe alirudi baada ya giza mbili. Alikwenda kwa tajiri wake na mjomba, wakaandikiana, akarudishwa mtumbwini. Sasa mwezi ukikolea fungu lake linapokelewa na dada yake mwenye genge la nyanya Pasiansi, naye anapewa ya nauli na ya kula. Juzi alikuja kibandani kuweka 5,000 ya vocha na umeme, akasimama kidogo, akaniambia nimhesabie mbele yake mpaka meseji iingie. Nikamhesabia.